Je, wajua kwa nini linki hufa?

Nina faili moja kwenye kompyuta nililolianza mwaka 2009 na ambalo mpaka leo naliongezea. Ndani yake ni linki tupu: makala za misemo ya kanga, kurasa zenye picha za milango ya Mji Mkongwe, taarabu za zamani, mtu mmoja aliyekuwa akikusanya majina ya mitego ya samaki mwambao mzima. Kwa Kiswahili sanifu linki ni kiungo, lakini mimi nikisikia "viungo" akili inakimbilia pilau, kwa hiyo hapa itabaki linki.

Wiki iliyopita binamu yangu aliniomba ile ya milango. Nikabofya. Ikafunguka tovuti ya kubeti, mpira unazunguka, naambiwa karibu niweke mkeka. Nikajaribu ya mitego ya samaki: 404, ukurasa haupatikani. Ya taarabu nayo ilifunguka vizuri, maelezo yote yapo, ila kila mahali palipokuwa na wimbo pana kisanduku cheusi kinachosema video imeondolewa. Linki tatu, na kila moja imekufa kifo chake.

Faili langu halijaguswa na mtu. Sikufuta herufi. Sasa kimetokea nini?

Tatizo linaanzia kwenye namna linki yenyewe ilivyo. Haina kitu ndani. Ni maelekezo ya njia, basi. Mkazi wa Dar es Salaam ataelewa haraka: konda akiita "Mkwajuni!" hakuna abiria anayechungulia dirishani kuutafuta mkwaju. Jina linatufikisha mahali. Mti ni habari nyingine. Linki nayo inakufikisha pale palipokuwa na kitu siku ile ilipoandikwa, na haijui wala haiulizi kama bado kipo.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Katika miaka ya 1960 Mmarekani Ted Nelson, aliyebuni neno la Kiingereza la maandishi yanayounganishwa kwa linki, alikuwa na ndoto ya mfumo aliouita Xanadu. Humo linki ingeshika pande zote mbili: ukurasa unaotajwa ungejua ni nani anautaja, na kufuta kitu kimyakimya kusingewezekana. Wazo zuri sana, na kwa miongo mingi halikupata mfumo wa kutumika. Tim Berners-Lee, alipokuwa akiunda wavuti kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Geneva, kuanzia mwaka 1989, alikata shauri jingine. Linki iwe ya upande mmoja. Yeyote amuunganishe yeyote, bila kuomba ruhusa, bila ofisi kuu ya kuandikisha. Ukurasa ukitajwa na watu elfu, mwenyewe hana habari. Ndiyo maana wavuti ilisambaa kama moto wa nyasi kavu. Na ndiyo maana mwenye ukurasa akihama, hana namna ya kuwaaga wale elfu.

Hata ukurasa wa kwanza kabisa wa wavuti, uliokuwa ni maelezo mafupi na linki kadhaa, haukupona. CERN walipoamua kuurudisha kwenye anwani yake ya awali mwaka 2013, nakala waliyoiweka ni ya mwaka 1992. Wenye wavuti hawakuwa wameweka nakala ya wavuti.

Sasa turudi kwenye vifo vyangu vitatu.

Cha kwanza, cha kubeti, kinaeleweka ukifikiria sanduku la posta. Ukiandika S.L.P. 1234, hilo sanduku si lako. Umelikodi, unalipia kila mwaka. Usipolipia linafungwa, na siku moja linapewa mwingine, na barua zako zinaendelea kuingia humo. Jina la tovuti, yaani domeini, ni vilevile: linakodiwa kwa mwaka, likiishia .com au .co.tz au chochote kile. Kadi ya benki ya mwenyewe ikiisha muda, au baruapepe ya kumkumbusha ikaenda kwenye anwani asiyoifungua tena, au mwenyewe akafariki na wanawe hawajui nenosiri, saa inaanza kuhesabu. Kwa domeini za .com kuna siku 30 za kuikomboa kwa kulipa faini, kisha siku 5 za kungoja ifutwe, halafu inarudi sokoni.

Na sokoni kuna watu wameshakaa mkao wa kula. Wana programu zinazofuatilia majina yanayokaribia kuisha muda. Hawalitaki jina lenyewe; nani anahitaji jina lenye neno "milango" kwa ajili ya kubeti? Wanachonunua ni linki zinazoelekea pale. Tangu Google ianze mwaka 1998, mitambo ya kutafuta huhesabu linki kama kura: ukurasa unaotajwa na wengi hupandishwa juu. Yule mzee mwenye tovuti ya milango alitajwa na wapenzi wa majengo, na wanafunzi, na labda chuo kimoja au viwili. Heshima aliyoichuma miaka kumi imepigwa mnada, na aliyeinunua anauza mikeka.

Wakubwa nao yamewakuta. Mwaka 2011 Jaji Samuel Alito wa Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya sheria ya California iliyozuia watoto kuuziwa michezo ya video yenye ukatili, alitaja kwenye tanbihi anwani ya ukurasa mmoja wa mtandaoni. Domeini ile ikaisha muda wake. Akatokea mtu akainunua, na kila aliyefuata tanbihi ya jaji akakutana na ujumbe wa kejeli: hivi hufurahi kwamba si wewe uliyeutaja ukurasa huu? Kwa sababu ungefanya kama jaji, ungekuta kilichokuwamo kimeshatoweka na mgeni amenunua jina ili atoe somo kuhusu habari za mtandaoni zisivyokaa. Mwaka 2014 watafiti wa Harvard walichapisha matokeo ya kuzipima linki zilizomo kwenye hukumu za mahakama hiyohiyo. Karibu nusu hazikuonyesha tena kile majaji walichokusudia. Hukumu ni hati ambayo wanasheria watakuwa wanaisoma miaka mia ijayo.

Kifo cha pili, 404, ndicho kinachojulikana zaidi, na kinachoeleweka vibaya zaidi. Watu hudhani tovuti imekufa. Hapana, 404 ni jibu la aliye hai. Kivinjari chako kimefika, kimebisha hodi, seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti, imeitikia: karibu, lakini huo ukurasa unaoutaka sinao. Tarakimu ya kwanza, 4, maana yake kosa limetoka upande wa muulizaji, jambo ambalo mimi huliona kama ufidhuli kidogo. Kuna namba nyingine, 410, ya kusema kwa uungwana kwamba ukurasa ulikuwapo na umeondolewa moja kwa moja, lakini wachache huitumia. (Ile hadithi kwamba 404 ni namba ya chumba fulani pale CERN haina ukweli, Robert Cailliau, aliyefanya kazi na Berners-Lee, aliikanusha.)

Mara nyingi nyuma ya 404 hakuna msiba wowote. Kuna fundi mpya. Taasisi imepata bajeti, imeajiri kampuni ya kutengeneza tovuti ya kisasa, na kampuni imepanga kurasa zote upya. Makala uliyoitaka huenda ipo, kwenye rafu nyingine, kwa anwani nyingine, na hakuna aliyebandika kibao cha "tumehamia kule". Kibao hicho kinawezekana. Ni mistari michache ya maelekezo kwenye seva. Berners-Lee alishalalamikia jambo hili mwaka 1998, akasema kwa maneno yake kwamba anwani hazibadiliki zenyewe, hubadilishwa na watu. Na kwetu, ambako wizara inaweza kuunganishwa na nyingine, ikatenganishwa, ikapewa jina jipya, kisha ikaunganishwa tena, anwani za tovuti hufuata hukohuko.

Cha tatu, cha video, hakihitaji maelezo marefu. Uliweka kitu kwenye nyumba ya mtu. Akitokea mwenye haki za wimbo akalalamika, au akaunti ikafungwa, kimeondoka. Wakati mwingine ni nyumba nzima inayobomolewa. GeoCities, iliyoanza mwaka 1994, iliwapa watu kurasa za bure zilizopangwa kwa mitaa kama mji. Yahoo waliinunua mwaka 1999 na kuifunga mwaka 2009. Mwaka 2019 MySpace walikiri kwamba muziki uliopakiwa kwao kwa zaidi ya miaka kumi umepotea wakati wa kuhamisha seva. Na sheria nayo ina mkono wake: mwaka 2018 kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni Tanzania zilipotaka leseni na ada, baadhi ya waandishi walizima kurasa zao kuliko kulipa, na faili langu lina mapengo ya mwaka ule.

Ukiyajumlisha yote hayo unapata namba nzito. Kituo cha utafiti cha Pew, Marekani, kilichukua sampuli ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013 na kuziangalia tena mwaka 2023. Asilimia 38 hazikupatikana. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, asilimia 54 ya kurasa zilikuwa na angalau rejea moja inayoelekea mahali pasipo na kitu. Hiyo ni miaka kumi tu. Kanga ya mama yangu ina umri mkubwa kuliko huo na maandishi yake bado yanasomeka.

Wapo wanaopigana na hali hii, na maarufu zaidi ni Internet Archive, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996. Makao yake San Francisco ni jengo lililokuwa kanisa. Roboti zake huzunguka wavuti zikinakili kurasa, na tangu mwaka 2001 mtu yeyote anaweza kuingia web.archive.org, akabandika anwani iliyokufa, akaona kalenda ya siku ambazo ukurasa ule ulinakiliwa. Oktoba 2025 walitangaza kufikisha kurasa trilioni moja. Nakala ya sehemu ya hazina hiyo imewahi kupelekwa Maktaba ya Alexandria, Misri; ukikumbuka yaliyoipata maktaba ya kale ya mji huo, utaona walikuwa na maana yao. Hata hivyo Oktoba 2024 wadukuzi waliishambulia Internet Archive na ikazimika kwa siku kadhaa. Na roboti haifiki kila mahali: kurasa za kuingia kwa nenosiri, video, na zile ambazo hakuna aliyezitaja popote mara nyingi humpita.

Huwa namfikiria Mwalimu Sikujua. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, alifariki karibu mwaka 1840 bila kuacha kitabu kilichochapwa. Beti zake zilikuwa vinywani mwa watu. Miongo kadhaa baadaye Sikujua, Mmombasa mwenzake, alizikusanya kwa wale waliokuwa bado wanazikumbuka, akifanya kazi na mmisionari William Taylor. Karatasi zikasafiri hadi London, na diwani ikachapwa Johannesburg mwaka 1940, yapata miaka mia baada ya mwenyewe kuzikwa. Sikujua alinakili beti, neno kwa neno. Angeandika tu kwamba beti za Muyaka anazo bibi fulani mtaa wa Kibokoni, angekuwa ametuachia linki. Bibi angekufa na 404 yake.

Mimi kwa miaka yote hiyo nilikuwa nakusanya akina bibi wa Kibokoni. Siku hizi nikipata kitu kizuri nafanya mambo matatu kabla sijafunga ukurasa. Naubandika kwenye web.archive.org, sehemu ya kuhifadhi ukurasa papo hapo, nusu dakika imekwisha. Napakua nakala yangu. Halafu chini ya linki naandika kichwa cha makala, aliyeiandika, tarehe, na sentensi mbili za kilichonivutia, ili anwani ikifa nibaki na maneno ya kutafutia. Hilo la mwisho ndilo ninalolisisitiza kwa wenzangu. Anwani tupu ikifa hata huwezi kusema umepoteza nini. Kwenye faili langu kuna mistari kadhaa ambayo siwezi kabisa kukumbuka ilikuwa ya kitu gani.

Ile ya milango niliipata. Roboti ilipita pale Novemba 2010, mzee akiwa bado analipia jina lake. Maandishi yamo yote: mnyororo uliochongwa pembeni, mitende, vifungo vya shaba. Picha zilikuwa kumi na moja. Zilizonakiliwa ni nne. Nilimtumia binamu yangu hivyohivyo, na akaniuliza kwa nini katikati ya ukurasa kuna kisanduku kitupu, na chini yake pameandikwa: "Tazama samaki walivyochongwa hapa."