Cheni ya baiskeli ya umeme huliwa kuanzia ndani

"Fundi, cheni nimefunga mpya kabisa, mbona bado inaruka nikipanda mlima?" Kwa wenye baiskeli za umeme, hasa vijana wanaosambaza chakula, swali hili nalisikia kuliko hata maswali ya betri. Inauma, maana mtu ameshatoa hela ya cheni na sasa inabidi atoe nyingine, kubwa zaidi, ya kaseti, yaani lile fungu la sproketi (vigurudumu vyenye meno) la nyuma. Cheni mpya haina kosa. Ile ya zamani ilikaa mno, ikayatafuna meno ya nyuma mpaka yakafanana nayo, na sasa hayaikubali nyingine. Kitu ambacho kingezuia hasara hiyo ni rula ya chuma.

Kabla ya rula, angalia mota yako imekaa wapi. Kama iko ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, inazungusha gurudumu moja kwa moja na cheni inabeba nguvu ya miguu yako tu, kama baiskeli nyingine yoyote. Cheni ya namna hiyo hudumu. Kazi iko kwa mota ya katikati, ile iliyokaa kwenye ekseli ya pedali, kwa sababu nguvu yake yote inapita kwenye cheni. Mota yenye nguvu ya mzunguko ya Nm (newtoni-mita) 80 ikifungwa sproketi ya mbele ya meno 42 inaivuta cheni kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 96. Badilisha sproketi hiyo uweke ya meno 34, mvuto unafika karibu kilo 119. Hapo bado hujaweka miguu yako. Na mguu wa mtu husukuma kwa nguvu pedali ikiwa mbele, kisha hupumzika pedali zikisimama wima. Mota haipumziki.

Sasa tuingie ndani ya cheni yenyewe. Bamba za pembeni hazirefuki. Kinacholika ni pini pale inaposuguana na tundu la bamba la ndani kila pingili inapojikunja. Kila kiungo kikipoteza sehemu ndogo sana ya milimita, cheni nzima yenye viungo zaidi ya mia inakuwa ndefu, na rola zake, vile vipande vya mviringo vilivyo kati ya bamba, haziketi tena kwenye mabonde ya meno. Zinapanda juu ya jino, zinalisukuma kwenye ncha, jino linachongoka na kulala upande mmoja.

Mikunjo hiyo haifanani kwa kila gia. Kwenye sproketi ya nyuma ya meno 28, pingili hujikunja kama nyuzi 13 tu inapoingia. Kwenye ya meno 11 hujikunja karibu nyuzi 33, na mzigo wote unabebwa na meno machache yaliyoshikwa na cheni wakati huo. Ndiyo maana nikitoa kaseti ya mtu anayepanda mlima wa Goba, Dar es Salaam, kwa gia nzito huku mota ikimsukuma, naikuta sproketi ndogo imekuwa kama meno ya papa na zile kubwa bado zinang'aa. Nawaomba wateja wangu jambo moja: mlima upandwe kwa sproketi kubwa ya nyuma, miguu ikizunguka haraka. Mota nayo hupata ahueni, kwa sababu ikizungushwa polepole chini ya mzigo hula umeme mwingi na kuchemka.

Kupima ni rahisi. Ivute cheni ikaze, weka alama ya sifuri ya rula katikati ya pini moja, kisha hesabu pingili 24. Kila pingili ni nusu inchi, kwa hiyo kwenye cheni mpya katikati ya pini ya mwisho itaangukia inchi 12 kamili, yaani milimita 304.8. Ikipita kwa 1/16 ya inchi, kama milimita moja na nusu, cheni imelika kwa asilimia 0.5 hivi. Kwa kaseti za gia 11 na 12 hapo ndipo pa kubadilisha. Kwa gia 10 kushuka chini wengi husubiri asilimia 0.75, lakini kwa mota ya katikati mimi sisubiri, nabadilisha mapema hata kwenye gia 8. Ikipita kwa 1/8 ya inchi, umeshachelewa, hesabu na bei ya kaseti. Pima sehemu mbili tatu za cheni.

Kama unajenga baiskeli ya kazi, ushauri wangu ni gia 8. Cheni yake ni pana kuliko za gia 11 na 12, bei yake inavumilika, na si ya kuitafuta mbali.

Cheni kukatika ni jambo jingine kabisa. Mara nyingi haikatiki kwa uchakavu. Inaachia pale ilipounganishwa vibaya. Ichunguze cheni iliyokatika: utaona bamba la nje limefunguka kwenye pini moja, na kichwa cha pini hiyo kina makovu ya msumari na nyundo. Kwenye cheni za kisasa ncha za pini hupanuliwa kiwandani ili zishike bamba. Ukiisukuma ikatoka kisha ukairudisha, kile kilichokuwa kinashika kimeshanyolewa. Tumia loki ya cheni, ile pingili maalumu ya kuunganishia, ya upana unaolingana na idadi ya gia zako, na pini itolewe kwa kifaa chake.

Cheni ikichomoka mbele kila ukizungusha pedali kinyumenyume, angalia mstari wa cheni. Mota nyingi za kufunga baadaye husogeza sproketi ya mbele nje, hivyo ukiwa kwenye sproketi kubwa ya nyuma cheni inakwenda mshazari. Tafuta sproketi ya mbele iliyobonyea kuelekea ndani, yenye meno yanayopokezana nene na jembamba.

Kuhusu mafuta, naomba tuache oili chafu ya injini. Ina vumbi la chuma ndani yake, na kwa mchanga wa Kigamboni unapata dawa ya kusagia pini. Grisi ya nje nayo hukusanya mchanga tu. Osha kwa brashi na mafuta ya taa, kausha kabisa, weka tone moja la mafuta ya cheni kwenye kila rola, zungusha, kisha futa nje mpaka kitambaa kisiache weusi. Kinachohitaji mafuta kiko ndani. Mashine ya presha ya kuoshea magari isielekezwe kwenye mota wala kwenye beringi.

Jingine ni namna ya kubadili gia. Achia eksileta, legeza mguu kwa nusu mzunguko, ndipo ubadili. Ukisikia mlio wa "kraa" kila unapobadili, meno yanavunjika kidogo kidogo.

Wakati wa kufunga cheni mpya, toa betri kwanza. Mota nyingi huamka pedali ikizungushwa, na kidole kilicho kati ya cheni na sproketi hakitapona. Ili kupata urefu, pitisha cheni kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye mkono wa gia (kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni), ikutanishe, ongeza pingili mbili, ukate. Funga loki, izungushe ikae upande wa juu, shika breki ya nyuma, kanyaga pedali mpaka isikike "tak". Rudisha betri, jaribu kwanza kwa nguvu ya miguu peke yake, halafu kwa msaada mdogo wa mota kwenye mlima, gia moja moja. Ikiruka kwenye sproketi moja au mbili ndogo tu, hizo ndizo zimeliwa, na kwenye baadhi ya kaseti huuzwa moja moja. Ikiruka gia zote, usinunue kitu bado: tafuta pingili ngumu isiyojikunja, waya wa gia uliolegea, au kisikio cha fremu kinachobeba mkono wa gia kimepinda baada ya baiskeli kuanguka.