Ubora wa sauti inayorekodiwa nyumbani huanza na chumba, si maikrofoni

Wananchi wanaotuletea rekodi ili zihifadhiwe, ziwe simulizi za wazee, mashairi, mawaidha au masomo, mara nyingi hutuuliza wanunue maikrofoni gani. Ni swali la haki, ila huulizwa kabla ya wakati wake. Rekodi nyingi zinazotufikia zikiwa na kasoro hazikuharibiwa na kifaa duni, bali na chumba kilichorudisha sauti na msemaji aliyekaa mbali na kifaa. Maikrofoni ya bei kubwa ikiwekwa katika chumba hichohicho itazinasa kasoro zilezile, tena kwa undani zaidi.

Nyumba zetu nyingi za mijini zina kuta za saruji zilizopigwa lipu, sakafu ya vigae na madirisha ya vioo. Nyuso hizo ngumu zinapogongwa na sauti huirudisha karibu yote, na kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, katika chumba cha mita 3 kwa 4 hugonga kuta mara nyingi kabla ya kufifia. Tunapozungumza ana kwa ana, ubongo hulinganisha yanayoingia katika masikio mawili na kuupuuza mwangwi huo. Maikrofoni moja haina uwezo huo, na ndiyo maana mtu akijisikiliza hujiona kama aliyekuwa akizungumza bafuni. Kukipima chumba ni rahisi: simama katikati, piga kofi moja kali, kisha sikiliza. Ukisikia mlio mwembamba unaotetemeka baada ya kofi, chumba hicho hakifai kurekodia kabla ya kurekebishwa.

Namna ya kukirekebisha imejulikana kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1895 mwanafizikia Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alipewa kazi ya kuurekebisha ukumbi wa mihadhara ambamo sauti iliendelea kusikika kwa zaidi ya sekunde 5 baada ya kutamkwa. Alifanya kazi usiku, wakati wa utulivu, akiingiza humo mito ya viti iliyochukuliwa kutoka ukumbi mwingine na kupima kwa saa jinsi mwangwi ulivyofupika kadiri mito ilivyoongezeka. Vitu laini, vinene na vyenye matundu madogo ya kupitisha hewa humeza sauti, na kiasi chake ndicho huamua matokeo.

Vitu hivyo vimo nyumbani tayari. Chumba cha kulala chenye kitanda, mapazia mazito na kabati la nguo lililoachwa wazi hushinda sebule karibu kila mara. Godoro la sponji likisimamishwa mgongoni mwa msemaji husaidia kuliko likiwekwa mbele yake, kwa sababu maikrofoni nyingi za kurekodia maneno husikiliza zaidi upande mmoja, ule unaomwelekea msemaji, na ukuta ulio nyuma yake ndio unaorudisha sauti moja kwa moja ndani ya kifaa. Blanketi zito lililotundikwa sentimita 10 hivi kutoka ukutani hufanya kazi vizuri kuliko lililogandamizwa ukutani. Trei za mayai, ambazo watu wengi bado hubandika ukutani kwa bidii, hazistahili kazi hiyo: ni karatasi nyembamba isiyomeza sehemu kubwa ya sauti ya mtu, haizuii kelele za nje, na hushika moto upesi. Hata sponji na mablanketi yakae mbali na mishumaa na jiko.

Tahadhari moja inahitajika hapa. Kupunguza mwangwi si kuzuia kelele. Godoro halitazuia pikipiki inayopita barabarani, maana kelele huzuiwa na uzito wa ukuta na kuzibwa kwa nyufa, na madirisha yetu ya vioo vya kukunja yana nyufa nyingi. Kwa mwenye nyumba ya kawaida, silaha bora ni saa. Sikiliza mtaa wako kwa siku kadhaa, ujue muda ulio kati ya adhana na magari ya asubuhi, na usirekodi chini ya bati mawingu yakiwa yametanda. Zima feni na friji, kisha usisahau kuliwasha friji baadaye. Ukisikia mvumo mzito usiokoma, huenda ni umeme, ambao katika nchi zetu hutetemeka mara 50 kwa sekunde. Kama ni simu au kompyuta inayochajiwa, chomoa chaja ukiwa unarekodi.

Baada ya chumba ni umbali, na hapa ndipo faida kubwa hupatikana bila gharama yoyote. Kila umbali kati ya mdomo na maikrofoni unapoongezeka maradufu, sauti inayokwenda moja kwa moja hupungua kwa desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 6 hivi, huku mwangwi wa chumba ukibaki karibu vilevile. Anayetoka sentimita 20 hadi 80 amepoteza desibeli 12 za sauti yake na kukiachia chumba nafasi. Sentimita 15 hadi 20 zinatosha. Maikrofoni iwe pembeni kidogo mwa mdomo, ili pumzi ya herufi P na B isiipige. Itamke sentensi kama “papa wapo pwani” na usikilize kama kuna mshindo.

Anayemrekodi mzee kwa simu asiiweke simu juu ya meza tupu, kwani kila kidole kinachogonga meza huingia ndani yake. Ilazwe juu ya khanga iliyokunjwa mara kadhaa, karibu na kifua cha msimulizi. Tasbihi au bangili zinazogongana zinaweza kuombwa kwa adabu: “Samahani bibi, nikushikie hizi mpaka tumalize.” Hatujaona mzee aliyekataa akielezwa sababu.

Kiwango cha sauti kipimwe msemaji akizungumza kwa nguvu atakayoitumia kweli, si kwa kuhesabu moja mbili tatu kwa upole. Vilele vya sauti vikae kati ya desibeli -12 na -6 kwenye kipimo cha programu. Sauti iliyogonga 0, kikomo cha juu cha kipimo hicho, hukatwa kichwa na kukwaruza, na hakuna programu itakayoirudisha ilivyokuwa. Iliyo chini kidogo huongezwa baadaye bila taabu.

Rekodi faili la WAV, aina inayohifadhi sauti bila kuibana, lenye sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde na biti 24, yaani usahihi wa kila kipimo. Saa moja ya chaneli moja huchukua takriban megabaiti 520, nafasi ambayo simu nyingi za sasa zinayo. Usilitume kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa kuwa huko sauti hubanwa na sehemu yake hupotea kabisa. Litume kama hati, au ulete kwa kadi ya kumbukumbu. Kabla ya maongezi kuanza, acha kimya cha sekunde 10, kinachomsaidia mhariri kuitambua kelele ya chumba, kisha utaje tarehe, mahali na jina la msimulizi kwa idhini yake, ili hata faili likibadilishwa jina maelezo hayo yabaki ndani ya sauti yenyewe.