Bibliometria huhesabu makala, haihesabu wagonjwa

Kuna sentensi ambayo siku hizi inajirudia kwenye maandiko ya kuombea fedha za utafiti, kwenye slaidi za makongamano, na hata kwenye tasnifu za wanafunzi wetu: "Uchambuzi wa bibliometria unaonyesha kwamba ugonjwa huu ni mdogo barani Afrika." Chini yake huwekwa ramani ya dunia. Marekani na Ulaya zimekolea rangi, Afrika imebaki nyeupe, na ukumbi mzima unaitikia kwa kichwa. Nimeisikia mara nyingi mno, na mara ya mwisho ilihusu hemofilia B, ugonjwa ambao makala zake nimezisoma kwa miaka. Naomba basi niseme.

Maana kwanza, kwa kifupi. Bibliometria ni kupima machapisho ya kitaalamu kwa hesabu: ni makala ngapi zimetoka kuhusu jambo fulani, miaka gani, zimeandikwa na akina nani, kutoka nchi na taasisi zipi, kwenye majarida gani, na zipi zinatajwa zaidi na makala nyingine. Jina hili lilienea baada ya Mwingereza Alan Pritchard kulipendekeza mwaka 1969, ingawa Mbelgiji Paul Otlet alikwisha kulitumia kwa Kifaransa mwaka 1934. Kazi yenyewe ilipata miguu mwaka 1964, Eugene Garfield wa Marekani alipoanza kutoa faharasa inayoonyesha makala ipi imetaja makala ipi. Web of Science ya leo, kanzidata (hazina ya kompyuta) ya kutafutia makala, imetokana na faharasa hiyo. Scopus, kanzidata nyingine ya aina hiyo, ilikuja mwaka 2004.

Maana hiyo haina ugumu, na wengi wanaweza kuikariri. Shida huanza pale tarakimu inapotoka kwenye kompyuta na kupewa kazi isiyo yake.

Hemofilia B ni ugonjwa wa kurithi ambamo damu inakosa, au ina kiasi kidogo mno, cha protini ya kugandisha damu inayoitwa faktori ya 9. Jeni lake, yaani maagizo ya kurithi ya kutengeneza protini hiyo, limo kwenye kromosomu X, ambayo mwanaume anayo moja tu; ndiyo maana wagonjwa wengi ni wanaume. Nduguye, hemofilia A, ni upungufu wa faktori ya 8 na huonekana zaidi. Kwa macho huwezi kuyatofautisha magonjwa haya mawili: jeraha dogo linavuja damu siku nzima, goti linavimba bila mtoto kuanguka, msuli unajaa damu kwa ndani. Kwetu watoto wengi hujulikana siku ya kutahiriwa, damu inapokataa kukata.

Sasa mchukue mtu anayetaka kuhesabu makala zote za hemofilia B duniani. Anafungua Scopus na kuanza kuandika jina la ugonjwa. Jina lipi? Mwaka 1947 Alfredo Pavlovsky wa Buenos Aires aliona jambo la ajabu: damu ya mgonjwa mmoja wa hemofilia, ikichanganywa na ya mgonjwa mwingine kwenye chupa ya maabara, iliweza kuisahihisha. Kama wote wawili wangekosa kitu kilekile, hilo lisingewezekana. Ule ndio mlango wa hemofilia B, lakini kichwa cha makala yake kinataja hemofilia tu, kwa sababu hemofilia B ilikuwa bado haijapewa jina.

Mwaka 1952, Rosemary Biggs na wenzake wa Oxford waliueleza ugonjwa huo katika British Medical Journal, kwenye toleo la wiki ya Krismasi, wakauita kwa jina la mgonjwa wao wa kwanza, mtoto Stephen Christmas. Mwaka uleule, kundi la Paul Aggeler huko San Francisco liliueleza ugonjwa huohuo kwa jina jingine kabisa, upungufu wa PTC, jina walilolipa protini hiyohiyo. Baadaye protini ikapewa namba ya Kirumi, IX. Juu ya hayo, Waingereza wanaandika "haemophilia" na Wamarekani "hemophilia". Ukitafuta kwa jina moja tu, unaacha makala za watu wazima na akili zao waliofanya kazi miaka mingi chini ya jina jingine. Ukiandika "Christmas" peke yake, unaletewa makala kuhusu ulaji na ajali za msimu wa sikukuu. Na ukiruhusu mashine itafute kila mahali, itakuzolea yote yaliyowahi kutoka katika jarida linaloitwa Haemophilia, hata yale ya magonjwa mengine ya kutoka damu.

Nimekaa hapo kwa makusudi. Mtu akikwambia "makala za hemofilia B duniani ni kiasi hiki", swali la kwanza la kumuuliza ni maneno gani aliyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia, na katika kanzidata ipi. Asipokuwa na jibu, hana hesabu.

Halafu kila makala huhesabiwa moja, haidhuru imebeba nini. Mwaka 2009 jarida la Science lilitoa utafiti wa vinasaba vya mifupa ya familia ya mfalme wa mwisho wa Urusi, ukaonyesha kwamba ule "ugonjwa wa kifalme" ulioenea kupitia wajukuu wa Malkia Victoria ulikuwa hemofilia B. Ni kazi nzuri ya historia. Mwaka 2011 The New England Journal of Medicine likatoa jaribio la tiba ya jeni (kumpa mgonjwa jeni zima) lililofanywa na watafiti wa London pamoja na wa Memphis, Marekani, kwa wagonjwa 6 tu, na miili yao ikaanza kujitengenezea faktori ya 9. Hiyo iligeuza mwelekeo wa tiba. Katika jedwali la bibliometria, mifupa ile ni 1 na wagonjwa wale ni 1.

Makala hiyo ya mwaka 2011 ina somo jingine. Waandishi wake walitoka zaidi ya nchi moja. Kwa njia ya hesabu nzima, Uingereza inapata 1 na Marekani inapata 1, kwa hiyo makala moja imezaa alama mbili, na ukijumlisha nchi zote utapita idadi halisi ya makala. Kwa njia ya hesabu ya mafungu, kila nchi hupata sehemu yake. Orodha ya "nchi vinara" inaweza kupanguka kabisa kwa kubadili njia hii peke yake, na wengi wanaoonyesha orodha hizo hawasemi walitumia ipi.

Hata mstari unaopanda kwenye grafu husomwa vibaya. Wengine huona makala zinaongezeka na kusema ugonjwa unaongezeka. Katika miaka ya 1980 watafiti wa hemofilia waliandika sana kuhusu Ukimwi, kwa kuwa dawa ya faktori ilitengenezwa kwa kuchanganya damu ya maelfu ya wachangiaji na virusi vikapita humo. Stephen Christmas mwenyewe aliambukizwa kupitia damu na akafariki mwaka 1993. Grafu ya makala ikipanda miaka hiyo, inasimulia msiba ulioletwa na tiba. Hemofilia yenyewe haikuongezeka kwa vizazi.

Sasa turudi kwenye ile Afrika nyeupe, maana hapo ndipo panaponiuma.

Mwaka 2019, katika Annals of Internal Medicine, Alfonso Iorio na wenzake walichukua takwimu za nchi zenye daftari zuri la wagonjwa, kama Kanada, Ufaransa na Uingereza, wakakadiria kwamba dunia ina wanaume wapatao 1,125,000 wenye hemofilia A au B, na kati yao 418,000 wana hali kali. Kwa hemofilia B peke yake walipata watoto 5 kwa kila wavulana 100,000 wanaozaliwa. Ugonjwa huu hauchagui bara, na karibu theluthi moja ya wagonjwa hupata kasoro mpya ya jeni, bila historia yoyote ya ukoo. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya 2,000,000 kwa mwaka. Wavulana wakiwa nusu yao, tutegemee wachanga wapatao 50 wenye hemofilia B kila mwaka, katika nchi moja.

Wako wapi kwenye makala? Ili mtoto huyo aingie kwenye makala, kwanza anusurike siku ya kutahiriwa. Kisha afike hospitali yenye kipimo cha muda wa damu kuganda, halafu ile yenye vitendanishi, yaani kemikali za maabara, vya kupima faktori ya 8 na ya 9 kila moja peke yake, jambo ambalo hospitali nyingi za wilaya haziwezi. Kisha daktari apate muda wa kuandika, na jarida alilochapisha liwe linaingizwa kwenye kanzidata inayohesabiwa. Muhimbili inawahudumia wagonjwa wa hemofilia, na tasnifu za uzamili za madaktari wetu kuhusu magonjwa ya damu zipo kwenye maktaba za vyuo, lakini Scopus haizihesabu tasnifu hizo. Weupe wa ramani ni weupe wa friji tupu za vitendanishi, wa ada za uchapishaji, na wa majarida yasiyoorodheshwa. Mtu anayeusoma kama afya anamfuta mtoto ambaye tayari amesahauliwa.

Tofauti moja zaidi, nayo sitakawia, kwa kuwa wanafunzi huichanganya kila msimu wa tasnifu. Bibliometria haisomi makala zinasema nini juu ya tiba. Kazi ya kukusanya tafiti zote kuhusu swali moja, kuzikagua ubora, na kutoa jibu kwamba dawa hii inafaa au haifai inaitwa mapitio ya kimfumo. Makala inayotajwa sana inaweza kuwa inatajwa kwa kukosolewa. Ukiandika "bibliometria imethibitisha ubora wa dawa", umechukua kipimo cha urefu kupimia joto.

Anayetaka kujua wagonjwa ni wangapi aanzie kwenye daftari za wagonjwa. Shirikisho la Hemofilia Duniani hutoa takwimu kila mwaka kutoka kwa vyama vya nchi wanachama, na hata hizo huhesabu waliokwisha kutambuliwa tu. Tofauti kati ya waliotambuliwa na wanaotegemewa kwa makadirio ndiyo namba ambayo mwombaji wa fedha angeifaidi kuionyesha, kwa sababu inasema watoto wangapi bado wanatafutwa.

Na kwa ndugu mwenye slaidi, sikuombi uitupe ramani. Ni nzuri, na umeihangaikia. Badilisha tu kichwa chake. Pale palipoandikwa "Mzigo wa hemofilia B duniani", andika "Nchi za waandishi wa makala za hemofilia B zilizomo kwenye Scopus", kisha chini yake uweke maneno uliyotafutia, tarehe uliyotafuta, na kama ulihesabu kwa hesabu nzima au kwa mafungu.