Kabla ya kulinganisha alama, omba kuona ratiba

Tangu Gredi ya 9 wafanye KJSEA, tathmini ya kitaifa ya kumaliza sekondari msingi, kwa mara ya kwanza mwaka 2025, wazazi huku Kitui, Kenya, wananiuliza swali moja: "Mwalimu, kati ya shule hizi mbili, nimpeleke mtoto wapi?" Wengi huja na karatasi ya wastani wa alama mkononi. Kazi yangu ni kuzuru sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9) za umma na kuangalia masomo yanavyofundishwa, na jambo la kwanza ninalowaomba ni kuiweka karatasi hiyo kando kidogo.

Si kwamba alama ni bure. Shida ni idadi. Mtahiniwa hupimwa kwa masomo 9, kila somo lina pointi zisizozidi 8, kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni 72. Sasa chukua shule yenye watahiniwa 12, idadi ambayo ni ya kawaida vijijini. Mtoto mmoja akipata 66 badala ya 30, wastani wa shule nzima unapanda kwa pointi 3. Katika shule ya watahiniwa 120, mtoto huyohuyo anausogeza kwa pointi 0.3 tu. Shule ndogo inaweza kuongoza mwaka huu na kushika mkia mwaka ujao bila mwalimu yeyote kubadilisha chochote darasani.

Kuna pia suala la kiwango ambacho watoto walikuwa nacho walipoingia. Mwanafunzi anapopangiwa shule ya sekondari pevu (Gredi ya 10 hadi 12), KJSEA huchangia asilimia 60, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na KPSEA, tathmini ya kumaliza shule ya msingi aliyoifanya Gredi ya 6, asilimia 20. Sehemu ya mavuno hayo ilipandwa shule ya msingi. Shule iliyopokea watoto waliokuwa kiwango cha chini kabisa, "mbali na matarajio", ikawafikisha kwenye kinachofuata, "kukaribia matarajio", imefanya kazi kubwa, hata kama wastani wake haupendezi machoni.

Ninachotaka mzazi akione ni ratiba, tena akiwa na orodha ya walimu mkononi. Gredi moja ina vipindi 40 kwa wiki. Gredi tatu, hata kila moja ikiwa na darasa moja tu, ni vipindi 120. Gawanya kwa walimu waliopo wa sekondari msingi. Wakiwa 3, kila mmoja anabeba vipindi 40, yaani anaingia darasani asubuhi na kutoka jioni bila nafasi ya kuandaa somo wala kusahihisha. Hakuna binadamu anayeweza hivyo muhula mzima. Kitakachotokea ni kwamba baadhi ya vipindi vitakuwa kwenye karatasi pekee, na kwa kawaida huwa vya sayansi, kilimo na masomo ya kiufundi. Wakiwa 5, kila mmoja ana 24. Hapo shule inapumua.

Kisha uliza nani amesomea nini. Nimeingia shule ambayo walimu wake wote 4 walisomea lugha na masomo ya jamii. Watu wa bidii kabisa, lakini aliyefundisha Sayansi alikuwa akisoma kitabu usiku mmoja mbele ya wanafunzi wake. Niliomba daftari la msichana mmoja wa Gredi ya 8. Insha zake za Kiswahili zilikuwa zimesahihishwa kila wiki kwa wino mwekundu. Daftari la Sayansi lilikuwa na kurasa sita zilizoandikwa, tarehe ya mwisho ilikuwa ya wiki saba nyuma, na mchoro wa seli haukuwa umeandikwa majina ya sehemu zake. Nyuma ya ofisi kulikuwa na katoni ya vifaa vya maabara, utepe wake haujakatwa. Mtoto huyo akitaka mkondo wa sayansi na teknolojia Gredi ya 10, ataanzia wapi? Daftari halidanganyi. Mwombe jirani mwenye mtoto kwenye shule hiyo akuonyeshe.

Upungufu huu una chanzo chake. Walimu wa kudumu hupelekwa na TSC, yaani Tume ya Huduma za Walimu, na fedha hufuata vichwa: serikali hutenga shilingi 15,042 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Wanafunzi 60 ni shilingi 902,520. Wanafunzi 300 ni 4,512,600. Shule ndogo haibaki na kitu cha kumlipa mwalimu wa bodi, yule anayeajiriwa na shule yenyewe. Wengine hukimbilia kwa gavana, lakini chini ya Katiba ya 2010 kaunti inashughulikia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Sekondari msingi ni ya serikali kuu. Malalamiko kuhusu upungufu wa walimu yapeleke ofisi ya TSC ya kaunti ndogo.

Halafu kuna mto. Huku kwetu mito mingi ni ya msimu, na KJSEA huangukia Oktoba na Novemba, wakati wa mvua za vuli. Angalia rejista ya mahudhurio ya msimu wa mvua, si ya Februari. Shule nzuri iliyo ng'ambo ya korongo, ambayo mtoto ataikosa siku 10 kila vuli, mimi naihesabu kuwa na upungufu wa wiki mbili za masomo.

Mama mmoja alinisikiliza, akaenda shule zote mbili alizokuwa akizifikiria siku ya Jumatano ya kawaida. Ile iliyokuwa na wastani wa juu ilikuwa na walimu 3 na mto katikati. Ya pili ilikuwa na walimu 6, wawili wa sayansi, na katoni ya vifaa ilikuwa wazi mezani, bika mbili zikiwa bado na maji. Mwanawe sasa yuko Gredi ya 7 kwenye hiyo ya pili.