Richard Moyo wa Simba hakuketi mbele ya mchoraji yeyote

Wiki hii nimeletewa tena picha ileile: Richard Moyo wa Simba, mfalme wa Uingereza, na taji lake, chini mtu kaandika "Sura yake halisi." Safari hii ni bango la darasani. Kazi yangu ni kutunza picha za rangi ya mafuta, na nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

Aliichora Mfaransa, Merry-Joseph Blondel, mwaka 1841. Richard alifariki Aprili 1199. Toeni wenyewe: miaka 642.

Enzi za Richard mfalme hakuketi ili achorwe sura. Alichongewa muhuri: upande mmoja yuko kitini, upande wa pili yuko juu ya farasi, na kwenye muhuri wake wa pili, wa 1198, ngao ina simba watatu. Simba hao ndio waliomtambulisha. Pua yake haikumhusu mtu. Hata Ufaransa, picha ya zamani kabisa ya mfalme iliyosalia, uso peke yake ubaoni, ni ya Jean wa Pili, yapata 1350. Wengine hukimbilia sanamu la kaburi la Richard kule Fontevraud, Ufaransa. Mimi silitegemei sana, maana aliyelichonga alikuwa akichonga ufalme uliolala, na taji lake na mavazi ya kutawazwa. Mwandishi mmoja wa habari za Vita vya Msalaba, vita vya Wakristo wa Ulaya vya kugombania Yerusalemu alivyopigana Richard, anasema nywele za mfalme huyo zilikuwa kati ya wekundu na dhahabu, mikono mirefu. Basi, akiba yetu ndiyo hiyo.

Lakini wanaoniudhi zaidi ni wale wanaosema, "Kumbe uongo, itupwe." Hapana jamani! Ni shahidi mzuri mno, ila muulizeni mambo ya zama zake. Louis-Philippe alipata ufalme wa Ufaransa kwa mapinduzi ya 1830, na mwaka 1837 akafungua makumbusho katika jumba la kifalme la Versailles kwa ajili ya "fahari zote za Ufaransa", ili waliogombana wapate pa kujivunia pamoja. Zikaja humo kumbi za picha za Vita vya Msalaba, na koo za kikabaila zikagombania nembo zao zichorwe humo, hata wajanja wakaziuzia hati za kughushi. Blondel alishika brashi katika joto hilo. Ushujaa ule usoni mwa Richard ni kiu ya Wafaransa wa miaka ya 1840.

Mwalimu, bango libaki ukutani. Badilisha tu maneno ya chini: "Richard wa Kwanza, alivyowaziwa na Merry-Joseph Blondel, 1841."