Sigara ya kielektroniki si mvuke wa maji tu

Ujumbe ule umerudi tena kwenye magrupu ya Dar: eti sigara ya kielektroniki "ni mvuke wa maji tu, haina madhara." Si kweli. Kimiminika chake huwa na gliserini, vionjo na, mara nyingi, nikotini, ileile inayomfanya mvutaji ashindwe kuacha. Ukikutana nayo Kariakoo, geuza boksi usome: "20 mg/ml" ni nikotini hiyo, na ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa Uingereza.

Mamlaka za afya za huko husema mvutaji mtu mzima akiacha sigara ya kawaida na kuhamia kabisa kwenye ya kielektroniki hupunguza madhara, kwa kuwa hakuna tumbaku inayoungua. Ujumbe ulipokuwa njiani, "hupunguza madhara" ikageuka "haina madhara". Asiyevuta, hasa kijana, huambiwa asianze kabisa. Ujumbe huo ukikufikia, uishie kwako.