Kunyoosha jiwe la cherehe ya maji: maana yake, na kwa nini si sawa na kulizibua

Kunyoosha jiwe ni kuuondolea uso wake tabaka jembamba ili lirudi kuwa duara kamili, na liwe bapa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Neno ni lile lile la fundi baiskeli anaponyoosha ringi iliyopinda, na hata maana haiko mbali: kitu kinachozunguka kimeacha kuzunguka sawasawa. Ila ringi hunyooshwa kwa kukaza na kulegeza spoku, na jiwe hunyooshwa kwa kupunguzwa. Kila unapolinyoosha umelila kidogo, kwa hiyo ni kazi ya kufanywa inapohitajika tu.

Cherehe ya maji inayozungumziwa hapa ni mashine ya umeme ya kunolea visu na patasi, yenye jiwe kubwa linalozunguka polepole huku sehemu yake ya chini ikiwa ndani ya beseni la maji. Mfano unaojulikana zaidi ni mashine za Tormek za Sweden. Modeli ya T-8 ina jiwe la kipenyo cha milimita 250 na upana wa milimita 50, linalozunguka mara 90 kwa dakika. Ukipiga hesabu, uso wa jiwe unapita kwenye kisu kwa mwendo wa mita 1.2 hivi kwa sekunde. Grenda ya kawaida ya mezani yenye jiwe la milimita 150 na mizunguko 2,850 kwa dakika inapita mita 22 kwa sekunde, na bila maji. Ndiyo maana kisu kilichonolewa kwenye grenda hutoa cheche, kikageuka rangi ya nyasi kavu, kisha buluu. Ile buluu si uchafu wa kufutwa. Ni alama kwamba chuma kimepata joto la karibu nyuzi 300 na ugumu wake umepungua. Makali yatakayotiwa pale hayatadumu mpaka hiyo sehemu yote inolewe iishe.

Maji basi yana kazi mbili. Yanapoza, hilo kila mtu analijua. Pia yanaosha: yanachukua unga wa chuma na chembe za jiwe zilizochoka, yakizishusha chini ya beseni kama tope jeusi. Jiwe lenyewe, ambalo kwa kawaida ni oksidi ya alumini, limetengenezwa liwe laini kiasi ili chembe butu zing'oke na chembe kali za chini yake zijitokeze. Hapo ndipo shida ya kunyoosha inapozaliwa. Jiwe linalojila ili libaki kali haliwezi kujila sawasawa kila mahali.

Kisu cha jikoni kikivutwa mara mia katikati ya jiwe, katikati hubonyea. Patasi nyembamba ikishikiliwa sehemu moja, huchimba mfereji. Ncha ya kisu ikiteremshwa kila mara kwenye ukingo ule ule, ukingo huo huwa wa mviringo. Na jiwe likianza kuwa na kilima hata cha nusu milimita, kilima hicho kinakigonga kisu mara moja kila mzunguko; kwa mizunguko 90 kwa dakika, mkono unasukumwa mara tatu kila sekunde mbili. Utaisikia kwa sikio kabla ya kuiona: badala ya mlio mmoja wa kukwaruza, mlio unakuja na kukatika, unakuja na kukatika.

Sasa, jiwe linaweza kuwa duara kamili na bado lisinoe. Uso wake umeng'aa, ukiupapasa unateleza kama kigae, na kisu kinapita juu yake bila maji kubadilika rangi. Hilo limeziba: chembe zimekuwa butu na nafasi kati yake zimejaa chuma. Dawa yake ni kulizibua, si kulinyoosha. Kuzibua kunafanywa kwa kipande cha jiwe gumu cha kushika mkononi, mara nyingi cha kabidi ya silikoni, chenye upande mkwaruzo na upande laini. Upande mkwaruzo, ukikandamizwa kwa nguvu kwenye jiwe linalozunguka na lenye maji kwa sekunde 20 hivi, ukihamishwa kushoto na kulia, unafungua uso. Upande laini unafanya kinyume: unalainisha uso kwa makusudi. Jiwe la Tormek la namba 220 (hesabu ya namba ni kama ya msasa, kubwa ndiyo laini) linaweza kwa njia hiyo kufanya kazi kama la namba 1,000 hivi. Kwa hiyo jiwe moja linatengeneza umbo la makali kwanza, kisha linayalainisha.

Wengi huchanganya mambo haya mawili, na gharama yake ni ya moja kwa moja. Anayenyoosha jiwe lililoziba tu anatupa unene ambao angeutumia mwaka mzima. Anayezibua jiwe lililobonyea anapata bonde linalokwaruza vizuri, lakini bado ni bonde.

Kujua lipi linahitajika ni kazi ya dakika mbili. Zima mashine, toa maji, na uweke rula ya chuma kwa upana juu ya uso wa jiwe, ukiangalia kuelekea kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati, kuna bonde; ukipenya pembeni, kingo zimeliwa. Kwa duara, funga kitu kisichotikisika, ncha ya penseli kwa mfano, karibu kabisa na uso, kisha zungusha jiwe kwa mkono. Penseli ikigusa upande mmoja na kuacha upande mwingine, jiwe limepoteza duara.

Lakini kabla ya kulaumu jiwe, lifungue. Uchafu au kutu kati ya jiwe na washa zake (pete bapa zinazolibana) hulifanya likae upande, na jiwe jipya kabisa litaonekana bovu. Safisha, ulirudishe likiwa limegeuzwa nusu mzunguko kwenye shafti, upime tena. Kama kilima kimehamia mahali pengine pa jiwe, kosa liko kwenye shafti au bushi (mkono unaoishikilia shafti ikizunguka), na kunyoosha hakutasaidia. Wakati wa kufungua angalia nyuzi za nati: kwa baadhi ya mashine hizi ni za kushoto, yaani inafunguka kwa kuzungushwa upande ambao nati ya kawaida hukazwa. Ukiilazimisha kwa mazoea utaikaza zaidi.

Kifaa cha kunyooshea ni ncha ya almasi iliyofungwa kwenye kishikio kinachopanda juu ya fito ile ile ya chuma ambayo kisu huegemea. Hilo la kufungwa ndilo la msingi. Kipande cha almasi kikishikwa kwa mkono kinapanda kilima na kushuka bonde pamoja na jiwe; kinakwaruza kila mahali na hakinyooshi popote. Fito haina huruma, inakata kilicho juu tu.

Jaza maji, washa mashine, na uache jiwe linywe hadi kina cha maji kisishuke tena. Tafuta sehemu iliyo juu kuliko zote kwa kusogeza almasi mpaka iguse kwa mbali, tik, tik, mara moja kwa mzunguko. Rudi ukingoni, shusha fito kidogo, milimita 0.25 inatosha. Kwenye fito za Tormek hiyo ni kuzungusha nati ya kurekebishia kwa namba moja, kwa hiyo huhitaji kukisia. Kisha vusha almasi kwa mwendo mmoja usiokatika hadi ukingo wa pili. Kwa jiwe la upana wa milimita 50, chukua kati ya sekunde 60 na 90. Katika muda huo jiwe linazunguka mara 90 hadi 135, maana yake almasi inasogea karibu nusu milimita au pungufu kila mzunguko. Ukienda haraka, unaacha mstari wa mzunguko kama nyuzi za skrubu, na mstari huo utauona umejichora kwenye kisu.

Milimita tano za mwisho zinataka utulivu zaidi, kwa sababu ukingo wa jiwe hauna kitu cha kuushikilia na hupenda kumeguka vipande. Kukata kona zake kidogo kwa kipande cha kuzibulia kabla ya kuanza kunapunguza hatari hiyo. Rudia kushusha na kuvusha mpaka mlio wa almasi uwe mmoja mfululizo kwa upana wote. Mara mbili au tatu hutosha kama hukungoja mpaka jiwe likawa kama tandiko. Malizia kwa upande mkwaruzo wa kipande cha kuzibulia, maana almasi huacha mikwaruzo mikali kupita kiasi kwa kisu chembamba, na upande huo unaisawazisha.

Mawe ya chuma yaliyopakwa almasi hayahusiki hapa. Hayapungui kipenyo, hayanyooshwi, na ncha ya almasi ikipita juu yake imeyaharibu kabisa.

Jambo ambalo hata wazoefu hulisahau ni pembe. Jiwe likipungua na fito ikabaki palepale, pembe ya kunolea inaongezeka. Chukua jiwe la milimita 250 na kisu kilichofungwa kwenye kishikio ili makali yake yawe milimita 140 kutoka kwenye fito, kwa pembe ya nyuzi 15 kila upande. Jiwe hilo likifika milimita 240, mpangilio ule ule unatoa karibu nyuzi 18. Kisu kitakuwa na makali, ila kwenye nyanya kitaonekana kizito, na mtu ataanza kukilaumu chuma. Pima kipenyo kila baada ya kunyoosha na upange pembe upya. Wino wa kalamu ya maka uliopakwa kwenye makali unakuhakikishia: zungusha jiwe kwa mkono mara moja, uone wino umefutika kileleni tu, yaani pembe bado ni kubwa, au mteremko wote wa makali, yaani pembe iko sawa.

Maji nayo yana mambo yake. Kwa miji ya pwani ambako maji ya visima yana chumvi, tumia ya bomba au ya mvua. Chumvi hula shafti kwanza, kisha inaacha madoa ya kutu kwenye visu vya chuma kisicho stainlesi ndani ya saa chache. Paka shafti grisi isiyooshwa na maji, na ulitoe jiwe mara kadhaa kwa mwaka hata kama halina tatizo. Jiwe lililogandishwa na kutu kwenye shafti hutoka kwa nyundo, na kwa kawaida hutoka vipande.

Kazi ikiisha, shusha beseni siku hiyo hiyo. Jiwe likilala na nusu yake majini, upande huo unakunywa na kuwa mzito kuliko wa juu, na asubuhi mashine inaweza kuzunguka kwa kuruka hata kama jana ilikuwa sawa. Mtu asiyejua hulinyoosha jiwe likiwa katika hali hiyo. Hapo anapoteza unene wa jiwe bure. Liache lizunguke bila maji dakika chache lijikamue, kisha likauke lenyewe. Kwa walio Ulaya na Amerika ya Kaskazini wanaoweka mashine gereji, jiwe lenye maji likipitiwa na baridi ya kugandisha linapasuka.

Tope la beseni usilimwage kwenye sinki. Likikaa linashikana gumu kama udongo uliochomwa jua, na bomba litahitaji fundi. Acha lizame, mwaga maji ya juu taratibu, kisha lifute kwa gazeti na kulitupa likiwa kavu. Sumaku ndogo ikiwekwa ndani ya beseni inakusanya sehemu kubwa ya unga wa chuma wakati unanoa, na maji yanakaa safi kwa muda mrefu zaidi.